Wanaowageuza kitandani wazee wa vita

Emali ni mji wa njia panda. Anayetoka Nairobi kwenda Mombasa hupita katikati yake, na anayekwenda Loitokitok huiacha barabara kuu hapo akakata kusini kuingia Umasaini. Upande mmoja ni Makueni, upande wa pili ni Kajiado, na siku ya soko Mkamba na Mmasai husimama juu ya mbuzi mmoja wakibishana bei kwa Kiswahili, lugha ambayo si ya mama wa yeyote kati yao. Reli ya zamani ilipita hapa ikielekea Nairobi, ambako ilifika mwezi Mei mwaka 1899. Mji jirani wa Sultan Hamud ulipata jina lake kwa Sultani wa Unguja aliyekuja kuitazama kazi hiyo ya reli mwaka 1898. Reli mpya nayo ilianza safari zake mwaka 2017, na ina stesheni yake hapa Emali.

Mji wa namna hii hujua kuaga watu. Waliaga wapagazi, wakaaga maaskari wa Keya, na siku hizi huaga vijana wenye sanduku moja na bahasha ya vyeti wanaokwenda kupanda ndege. Katika wote hao kuna kundi moja ambalo halitajwi sana katika vitabu wala katika hotuba za sikukuu. Ni wale ambao kazi yao vitani, au baada ya vita, haikuwa kupiga risasi bali kuosha, kulisha na kugeuza mwili wa askari aliyeumia au aliyezeeka. Cheo chao ndicho cha chini kabisa hospitalini. Daktari hawajui kwa majina, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi huwaita kwa kupiga kelele tu.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza kazi hiyo ina uhusiano gani na Emali. Jibu ni kwamba ina uhusiano wa zaidi ya miaka mia moja.

Wapagazi na madresa

Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia Afrika Mashariki mwaka 1914, Waingereza waliona upesi kwamba bunduki peke yake haiwezi kumfuata Mjerumani porini. Walihitaji vichwa vya kubebea mizigo. Mwaka 1915 ikapitishwa sheria ya kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 msako ukawa mkali zaidi katika kila wilaya, Ukambani ikiwemo. Wapagazi hao ndio waliotuachia jina la Kariokor katika jiji la Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Hesabu za serikali ya kikoloni zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria wa baadaye huamini kuwa idadi ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo, wengine wakitaja 100,000.

Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika kwa haraka kwa kuni mbichi baada ya mwendo wa siku nzima, na matumbo ambayo hayakuzoea chakula hicho yakachanika. Mtu wa namna hiyo hahitaji daktari wa kupasua. Anahitaji mtu wa kumpa maji safi kidogo kidogo, kumwosha, na kumwondoa mahali palipochafuka. Ndipo mwaka 1917 kikaundwa nchini Uganda kikosi cha Waafrika cha matibabu chini ya Meja G. J. Keane, ambacho kiliwachukua vijana waliosoma shule za misheni na kuwafundisha kuuguza wapagazi. Waliokuwa wakijiandaa kuwa makarani walijikuta wakishika mabeseni. Katika sehemu zetu hizi, huo ni miongoni mwa mifano ya kwanza ya kazi tunayoizungumzia kufanywa kwa mafunzo na kwa cheo cha kijeshi.

Vita vya pili vilikuta Mkamba amekwisha kupewa sifa ya kuwa askari wa kuzaliwa, sifa ambayo Waingereza waliigawa na kuiondoa kadiri ya haja yao. Kenya ilitoa karibu watu 98,000 kwa vita hivyo, na Wakamba walikuwa wengi katika Keya. Gari la moshi lililowabeba kutoka Nairobi kwenda bandari ya Kilindini lilipita Emali. Wengine hawakufika walikokuwa wakipelekwa: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na pamoja nao wauguzi wanawake waliokuwa wakienda kuhudumia majeruhi.

Waliofika Burma, wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walipigana katika bonde la Kabaw katikati ya mvua nzito za mwaka huo wa 1944. Pamoja nao walikuwa watu wa kikosi cha matibabu cha Afrika Mashariki. Hawa walibeba machela katika matope yanayofika magotini, wakachemsha maji, wakafunga vidonda, wakakaa usiku na watu wenye homa ya malaria wanaoita mama zao kwa Kikamba, Kinandi na Kinyanja. Lugha ya wadi ilikuwa Kikeya, kile Kiswahili cha jeshini kisichojali ngeli. Amri ya kumgeuza mgonjwa ilieleweka hata kama sarufi yake ingemfanya mwalimu wa Unguja alie.

Vita vilipokwisha, baadhi ya watu hao waliajiriwa katika zahanati, nao wakaitwa madresa. Kijijini dresa alikuwa daktari. Alichoma sindano, alifunga vidonda, na neno lake lilisikika barazani. Lakini katika hospitali kubwa mtu yule yule alikuwa ni mhudumu wa wadi tu. Kuna jambo la kuudhi hapa ambalo halina budi kusemwa. Mwaka 2019 shirika la habari la Al Jazeera lilifichua hati zinazoonyesha kwamba bahashishi ya mwisho wa vita ilipangwa kwa rangi ya ngozi, hata Mwafrika akapata kiasi kinachoweza kufika theluthi moja tu ya alichopata mzungu wa cheo kile kile. Wengi walioidai haki hiyo walikuwa wamekwisha zikwa.

Wengine walileta nyumbani ujuzi wa namna nyingine kabisa. Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Vita vya Kwanza na ufundi wa kuchonga vinyago aliouona Tanganyika, na leo hakuna duka la watalii lisilo na twiga wa Mkamba. Kuchonga kulipata sifa na picha magazetini. Kuuguza hakukupata.

Mkono wa kumgusa mgonjwa

Tuvuke bahari sasa, maana huko ndiko kazi hii inakopatikana siku hizi.

Marekani ina desturi ambayo sisi hatuna: askari akitoka jeshini ana hospitali zake mbali na za raia. Rais Abraham Lincoln aliahidi mwezi Machi 1865 kwamba taifa litamtunza aliyebeba mzigo wa vita, pamoja na mjane na yatima wake. Mwaka uliofuata yakafunguliwa makao ya kwanza ya askari walemavu mahali panapoitwa Togus, katika jimbo la Maine. Idara yenyewe ya maaskari wa zamani iliundwa mwaka 1930 na kupandishwa kuwa wizara mwaka 1989. Leo ina hospitali zipatazo 170 na zahanati nyingi zaidi ya hizo.

Lakini yapasa tukumbuke kisa kimoja kabla hatujaisifu sana. Mwaka 1923 ilifunguliwa hospitali ya askari weusi katika mji wa Tuskegee, Alabama, kwa sababu hospitali nyingi za kusini hazikutaka kuwalaza. Wagonjwa wangekuwa weusi, lakini wazungu wa mji huo walitaka madaktari na wauguzi wawe wazungu, kwa kuwa mishahara ilikuwa minono. Tatizo likawa kwamba sheria ya jimbo haikumruhusu muuguzi mzungu kumgusa mgonjwa mweusi. Unajua walivyopanga kulitatua? Kila muuguzi mzungu apewe mtumishi mweusi wa kike, wa mshahara mdogo, ambaye ndiye atakayemgusa mgonjwa. Mmoja achukue cheo na pesa, mwingine achukue beseni na kitambaa. Robert Moton, mkuu wa chuo cha Tuskegee, alikataa mpango huo. Wafuasi wa Ku Klux Klan wakaandamana mwezi Julai mwaka huo, naye hakurudi nyuma, na kufika mwaka 1924 hospitali ikawa chini ya Dakta Joseph Ward na wafanyakazi weusi. Ubaguzi katika hospitali za maaskari uliendelea mahali pengine hadi ulipokomeshwa mwaka 1954.

Mpango ule wa Tuskegee ulikufa, lakini ulisema ukweli mmoja kwa bahati mbaya: hospitali haiwezi kwenda bila mkono wa kumgusa mgonjwa, na mkono huo daima hutafutwa kwa bei ya chini. Nani anautoa siku hizi? Katika miji mingi ya Marekani anautoa Mfilipino, mtu wa Haiti, mtu wa Ghana, na Mkenya. Mji wa Lowell, katika jimbo la Massachusetts, una Wakenya wengi kiasi kwamba ugali si chakula cha kuagiza mbali, na wengi wao wameanzia kazi hii.

Mlango wake ni mwembamba lakini si mrefu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inataka msaidizi wa muuguzi katika nyumba za wazee afundishwe saa zisizopungua 75, na katika hizo saa 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo mengine yameongeza. Kisha kuna mtihani wa maandishi na wa mikono: kunawa ipasavyo, kutandika kitanda ambacho mgonjwa amekilalia, kupima mapigo ya moyo, kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Ukishindwa kunawa mikono vizuri umeshindwa mtihani, na wapo watu wa digrii walioshindwa hapo.

Hata hivyo, cheti hicho hakimfikishi Mkenya moja kwa moja kwenye hospitali ya maaskari. Kazi hizo ni za serikali kuu, na kwa kawaida hutolewa kwa raia. Basi mhamiaji huanza katika nyumba za wazee za watu binafsi, ambako malipo ni kidogo na wagonjwa ni wengi kwa kila mfanyakazi, huku akihesabu miaka mitano ya kungojea uraia. Akisha kuapa ndipo hupeleka barua. Anayefanikiwa hupata daraja la chini la utumishi, lakini lenye likizo, bima na malipo ya uzeeni.

Usiku wa zamu

Tuseme zamu inaanza saa tano usiku. Msaidizi hupokezwa wagonjwa wake na anayetoka: huyu hajala, yule ameanguka mchana, huyu mwingine asipewe maji matupu kwa sababu humwingia kwenye mapafu, mpaka yazidishwe uzito kama uji mwepesi. Juu yake kuna muuguzi wa vitendo, na juu ya huyo muuguzi aliyesajiliwa. Yeye haruhusiwi kutoa hata kidonge cha kichwa. Kila kitu kingine kinachohusu mwili wa mzee yule ni chake.

Kazi kubwa ya usiku ni kugeuza. Mtu asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja kwa muda mrefu, damu haipiti katika nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro, na nyama hiyo hufa. Huanza kama doa tu kwenye kisigino, nyonga au mwisho wa uti wa mgongo, na baada ya siku chache ni shimo la kuingia kidole. Kwa hiyo kila baada ya saa mbili au karibu na hapo mgonjwa hugeuzwa: kushoto, chali, kulia. Mto huwekwa kati ya magoti, visigino huinuliwa visiguse shuka. Kila anapogeuzwa ngozi hutazamwa. Kwa mgonjwa mweupe doa huwa jekundu. Kwa mgonjwa mweusi wekundu hauonekani, na hapo msaidizi lazima aguse, asikie kama pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni. Mtoto wa Ukambani huhitaji kufundishwa la kwanza, lakini la pili hulielewa upesi.

Katikati ya kugeuza kuna kupima joto, mapigo ya moyo, pumzi na shinikizo la damu. Kuna kupima mkojo kwa mililita na kuuandika. Kuna nepi, na kuna mzee anayeona aibu ya nepi na kujaribu kwenda chooni mwenyewe gizani, akaanguka na kuvunja nyonga. Kuna mkanda mpana wa kiunoni anaofungwa mgonjwa ili ashikwe hapo akisimama, asivutwe kwapani. Kuna mashine ya kumnyanyua aliye mzito, ambayo huchukua muda kuiandaa, na msaidizi mwenye haraka huiacha akatumia mgongo wake. Wengi waliofanya kazi hii miaka kumi wana mgongo wa mtu wa miaka sabini. Hilo ndilo jambo ambalo matangazo ya kozi hayalitaji.

Katika hospitali ya maaskari kuna elimu ya ziada isiyokuwamo katika zile saa 75. Wa Vita vya Pili vya Dunia wamebaki wachache, nao wamefika au wamekaribia miaka mia. Wengi wa wazee sasa ni wa Vietnam, ambao hata wadogo wao wamefika miaka 70 hivi. Mtu aliyelala mtaroni akiwa na miaka 19 haamshwi kwa kuguswa bega. Anayemgusa anaweza kupigwa ngumi na mkono ambao mchana hauwezi kushika kijiko. Msaidizi mwenye akili husimama upande wa miguuni, huita jina mara mbili, hungoja macho yafunguke, husema yeye ni nani. Usiku wa tarehe 4 Julai, taifa linaposherehekea kwa fataki, wadi hufungwa madirisha na televisheni huongezwa sauti.

Wapo pia wasiotaka kuguswa na mkono mweusi. Husema hivyo waziwazi, au husema kwa Kiingereza cha matusi wakidhani mgeni haelewi. Msaidizi humwita mwenzake, au hungoja, kwa maana mtu aliyejichafua hawezi kukataa usiku kucha. Na wapo wengine, pengine katika chumba cha pili yake, ambao hawataki kuguswa na mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye. Mara nyingi ni mzee ambaye watoto wake wako majimbo ya mbali na huja mara moja kwa mwaka.

Akifa mzee, katika hospitali nyingi za aina hii mwili wake hufunikwa bendera, na walio zamuni hutoka na kusimama pande mbili za ujia wakati kitanda kinaposukumwa kupita. Daktari husimama, mfagiaji husimama. Upo pia mpango wa kuweka watu wa kujitolea kukaa na anayekata roho asiye na jamaa, ili asife peke yake. Lakini wa kujitolea akichelewa, anayekuwa ameshika mkono ni msaidizi, na katika kumbukumbu za wadi huandikwa saa tu.

Nthoni

Yuko binti mmoja wa upande wa Nzaui, ambaye jina lake hatutalitaja kwa ombi lake. Amefanya kazi hii miaka mingi kaskazini mwa Boston, kwanza katika nyumba za wazee na sasa katika hospitali ya maaskari. Nyumbani ilijulikana kwamba yuko hospitalini. Watu wakajijazia wenyewe kwamba ni nasi, naye hakuwasahihisha. Nani angewasahihisha? Kusema kwamba umevuka bahari ili kuosha makalio ya wazee wa kizungu ni neno ambalo soko la Emali lingelitafuna mwaka mzima.

Baba yake alikuwa askari wa Kenya, mmoja wa waliopelekwa kaskazini katika vita vya Mashifta vilivyoanza mwaka 1963 na kumalizika mwaka 1967. Juzijuzi mzee huyo alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa. Alilazwa, akatibiwa, akarudishwa nyumbani, kama wanavyorudishwa wengi, na familia ikaambiwa imtunze. Namna ya kumtunza haikuelezwa sana. Katika hospitali zetu kumwosha na kumlisha mgonjwa kwa sehemu kubwa ni kazi ya jamaa, na jamaa hudhaniwa wanajua.

Sasa, asiyekuwa Mkamba lazima aelezwe kitu kinachoitwa nthoni. Ni haya, ni heshima, ni umbali unaowekwa baina ya watu fulani ili ukoo usimame sawa. Mke wa mwana hawezi kumwosha baba mkwe. Binti hawezi kuuona uchi wa baba yake. Mwana wa kiume naye huona ni afadhali alale njaa. Mama mwenyewe alikuwa na miaka zaidi ya sabini na hakuwa na nguvu za kuinua mtu mzima. Kwa hiyo mzee alilazwa chali juu ya godoro lililobonyea, akafunikwa vizuri, akaletewa chai na wageni wengi wa heshima, na hakuna aliyemgeuza.

Wiki ya tatu binti alipiga simu akielekea kazini. Wakati wa baridi saa tano usiku ya Boston ni saa moja asubuhi ya Emali. Akauliza mama, baba analala upande gani. Upande mmoja tu, mama akajibu, hawezi mwingine. Akauliza kama mtu ametazama mgongo wake. Kimya. Akaomba simu ipelekwe chumbani na shuka liinuliwe, na akaona kwenye kioo cha simu kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini mwisho wa uti wa mgongo, cheusi katikati.

Yaliyofuata yalidumu siku mbili za ugomvi. Kaka yake alisema atume pesa aajiriwe mtu. Binti akasema pesa atatuma, lakini kidonda hakingojei Ijumaa. Shangazi akasema jambo hilo si la kuzungumzwa na mwanamke kwa simu mbele ya watu. Mwishowe alipatikana mjukuu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye amepewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi. Baina ya babu na mjukuu nthoni haiko. Hutaniana, hulala nyumba moja, na mwenye jina la babu ni kama babu mwenyewe amerudi. Yeye akakubali, tena bila kuombwa mara mbili.

Basi akafundishwa kwa simu. Shuka moja likunjwe mara nne liwekwe chini ya mzee kutoka mabegani hadi mapajani, ili avutwe kwa shuka na siyo kwa mikono, maana kuvuta ngozi kunaichana. Simama karibu na kitanda, piga magoti yako kidogo, usiiname kwa kiuno. Mto kati ya magoti. Blanketi likunjwe chini ya miguu visigino vielee hewani. Kidonda kisafishwe kama nasi wa zahanati alivyoagiza, na kisipakwe majivu wala dawa ya mtu yeyote. Kila baada ya saa mbili. Andika saa kwenye daftari. Kijana akaandika kwenye daftari la hesabu alilobaki nalo shuleni.

Ni mama aliyeuliza, baada ya siku kadhaa, jinsi binti yake alivyoyajua hayo yote, hata namna ya kumshika mwanamume mtu mzima akienda haja. Nasi wa zahanati mwenyewe hakujua mengine ya hayo. Binti akaeleza kazi yake ilivyo, cheo chake, na ni nani anaowaosha. Simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa na mzee alikuwa akisikia. Kiharusi hakikumchukua ulimi wote. Aliuliza kwa shida wale wazee walipigana vita gani. Akaambiwa Korea, Vietnam, Iraq. Akauliza kama wanageuzwa kila usiku. Akaambiwa ndiyo. Akauliza na wale wasio na cheo, watu wa chini kabisa jeshini. Akaambiwa ndiyo, na wao. Hakuuliza tena.

Sitaki kusema kwamba kule kwa wenzetu ni peponi. Hospitali zile zimepata kashfa zake, na mwaka 2014 waziri wa maaskari wa zamani wa Marekani alijiuzulu baada ya kugunduliwa kwamba wagonjwa walikuwa wakingojeshwa miezi huku vitabu vikisema uongo. Wala sisi hatukukaa bure. Makueni ilianzisha mpango wake wa matibabu mwaka 2016, ambapo nyumba nzima ililipa shilingi 500 kwa mwaka na waliopita miaka 65 walitibiwa bila malipo, na watu kutoka kaunti nyingine walikuja kuuchungulia. Waliotimiza miaka 70 waliwekewa posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi kuanzia mwaka 2018. Mwaka 2022 ilipitishwa hata sheria ya wanajeshi wastaafu. Lakini hospitali ya jeshi iko Nairobi, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Emali, na mtu asiyeweza kuketi hasafiri kwa matatu. Tena kati ya hayo yote hakuna kipengele kinachompa mzee mtu wa kumgeuza. Tumefikiria dawa, tumefikiria pesa, mkono tumeuachia ukoo, na ukoo una nthoni.

Wanaopinga watasema kumwajiri mgeni amwoshe baba ni kuleta uzungu. Mimi naona kinyume chake. Mgeni mwenye mafunzo hana nthoni na mzee huyo, na ndiyo maana anaweza kumwosha bila kumvunjia heshima. Kinachovunja heshima ni kidonda kinachonuka chini ya blanketi safi.

Kidonda cha mzee huyo kilichukua miezi mitatu kufunga. Kaka mtu sasa hulipa nusu ya posho ya kijana, baada ya maneno mengi. Kijana mwenyewe amekwisha uliza bei ya kozi ya wasaidizi wa wauguzi katika vyuo viwili, kimoja Machakos na kimoja Nairobi, na shangazi yake wa Boston amesema atamlipia kwa sharti kwamba kwanza amfundishe mtu mwingine pale nyumbani kugeuza. Amepatikana binamu yake wa miaka kumi na saba. Ameanza na zamu za mchana.